"Utarudi lini?": swali linalomponza mchezaji majeruhi

Mchezaji akiumia, kwanza huja pole, kisha huja swali: utarudi lini? Kocha anauliza, katibu wa timu anauliza, muuza chipsi wa nje ya uwanja anauliza, mama mzazi naye akipiga simu anauliza. Jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu, maana kurasa za michezo zimeshatuzoesha: amechanika ligamenti ya goti, nje miezi tisa. Mchezaji anachukua kalenda, anahesabu kwa vidole, anatia alama. Ukimuuliza lengo lake ni nini, anakuonyesha ile alama.

Nimekaa miaka kadhaa kando ya vitanda vya fiziotherapia na viwanja vya vumbi nikisaidia wachezaji wa madaraja ya chini kurudi mchezoni, na ile alama ya kalenda nimeichukia. Tarehe haimwambii mtu afanye nini Jumanne asubuhi. Inajongea yenyewe, awe amefanya mazoezi au amelala. Na ikifika, goti halina habari.

Hata hivyo, kila anayefundisha utengamao, ile kazi ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya jeraha, atakwambia majeruhi awekewe malengo. Ushauri ni sahihi. Shida ni kwamba neno "lengo" limebebeshwa vitu visivyofanana, na mchezaji akiambiwa "jiwekee malengo" anachukua kile kimoja kisichomsaidia. Hebu tuvitenganishe.

Malori ya magogo

Wazo lenyewe lilipikwa mbali na viwanja vya michezo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Gary Latham na mwenzake walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Malori yalikuwa yakitoka msituni yamebeba takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Madereva walihimizwa wajitahidi, mambo yakabaki yaleyale. Walipopewa namba, asilimia 94, mzigo ulipanda hadi kukaribia asilimia 90. Latham na Edwin Locke wakaendelea kwa miongo kadhaa kuonyesha jambo hilohilo katika kazi za kila aina: namba bayana na ngumu kiasi humsogeza mtu kuliko kuambiwa "jitahidi". Zile herufi za SMART zinazobandikwa ukutani kwenye semina, kanuni ya kuandika lengo bayana, linalopimika na lenye muda, nazo zilizaliwa katika ulimwengu huohuo wa mameneja, mwaka 1981.

Wataalamu wa michezo waliuchukua mzigo huu na kuuleta kwa majeruhi, na kwa kiasi chake umefanya kazi. Mwaka 2002 Lynne Evans na Lew Hardy walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wanamichezo majeruhi waliogawanywa makundi matatu. La kwanza lilisaidiwa kuweka malengo, la pili lilipewa mtu wa kuwasikiliza na kuwatia moyo, la tatu liliendelea na tiba ya kawaida. Kundi la malengo ndilo lililoshika mazoezi yake vizuri zaidi. Angalia walichopata: watu walishika mazoezi. Hapo ndipo nguvu ya lengo ilipo, kwenye kile mtu anachokifanya, na ukilikumbuka hilo moja nusu ya mkanganyiko imekwisha.

Maana goti lina tofauti mbili na lori. Dereva alikuwa tayari anajua kupakia magogo, kilichokosekana kilikuwa msukumo tu. Mchezaji aliyetoka kupasuliwa hajui kuukaza msuli wa mbele wa paja lake mwenyewe. Amri inatoka kichwani, msuli umelala. Goti likijaa maji, mishipa ya fahamu huufungia msuli ule breki, na hapo hata mtu shupavu kama chuma hawezi kuushinda kwa hasira. Utafiti wa Latham wa baadaye ulilikuta hili pia: kazi ikiwa ngeni, lengo la kujifunza linamfaa mtu kuliko lengo la kiwango. Kwa hiyo wiki ya kwanza sisemi "nyanyua mguu mara 30". Nasema "tafuta njia tatu za kuufanya msuli huu ushtuke, uniambie ipi imekubali". Mmoja aliniambia wake hukubali akiukaza kwanza mguu mzima. Mwingine alilazimika kuutazama na kuugonga kwa vidole, kama anayebisha hodi.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mzigo wa lori una kikomo kilichoandikwa. Kikomo cha goti hakionekani, na mbaya zaidi, kinadanganya.

Kinachopona kwa saa yake

Ligamenti ya mbele ya goti, kamba ya ndani inayoshikanisha mfupa wa paja na wa ugoko, ile ambayo siku hizi hata watoto wa mtaani wanaiita ACL, ikichanika haishonwi kirahisi. Mara nyingi daktari mpasuaji huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja au chini ya kilegesambwa, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa miwili. Kipandikizi hicho kikiwa kipya kina nguvu ya kutosha. Kisha mwili unaanza kukijenga upya: chembe za zamani zinakufa, mishipa mipya ya damu inaingia, nyuzi zinapangwa upya. Katika kipindi hicho, kuanzia kama wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, kipandikizi kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa.

Sasa tazama kinachotokea upande wa pili. Wiki ya nane mchezaji ameacha magongo, uvimbe umekwisha, anapanda ngazi, anaendesha baiskeli. Anajisikia vizuri kuliko siku zote tangu aumie. Yaani anapojiamini zaidi ndipo kamba ya ndani iko hoi. Huyu ukimpa lengo gumu la namna ya malori ya Oklahoma, umempa petroli na kiberiti.

Hakuna lengo linaloharakisha mishipa ya damu kuingia kwenye kano. Mfupa wa ugoko wenye ufa wa msongo utachukua wiki zake, uwe umeandika malengo kwenye daftari au hujaandika. Kuna watu wanauza wazo kwamba akili ikipanga, mwili unafuata. Mimi huwaambia wachezaji kitu cha chini zaidi: mwili utapona kwa saa yake, na malengo yatakuhakikishia kwamba saa ikifika, misuli, mapafu na kichwa chako havijabaki nyuma.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa 106 waliopasuliwa ACL walieleza kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Hiyo ndiyo sababu ya miezi tisa kutajwa kila mahali. Lakini watafiti haohao waliweka na sharti la pili, ambalo kurasa za michezo huwa zinalisahau: vipimo vya nguvu na vya kuruka, ambavyo mguu ulioumia ulipaswa kufikia angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Waliorudi bila kufaulu vipimo waliumia zaidi kuliko waliofaulu. Wagonjwa 106 si wengi, na namba hizo nisingezichonga kwenye jiwe, ila mwelekeo wake unalingana na ninachokiona. Miezi tisa ni mlango wa kwanza. Ukishaupita kuna mwingine, na wa pili haufunguliwi kwa kusubiri.

Ndiyo maana swali la "lini" nalibadilisha kuwa "ukiweza nini". Utaacha magongo ukiweza kutembea urefu wa korido bila kuchechemea. Utaanza kukimbia ukiweza kuchuchumaa kwa mguu mmoja bila goti kuanguka ndani, na goti lisijae kesho yake. Kalenda inabaki kazini kama bawabu: inamzuia mtu kuingia mapema, haina mamlaka ya kumpitisha.

Daftari la winga

Hebu tuone jinsi inavyoandikwa. Kulikuwa na winga wa timu moja ya mkoa, kijana wa miaka 22, aliyeumia peke yake akigeuka kwenye uwanja mkavu. Hakuguswa na mtu, na wengi huumia hivyohivyo. Baada ya upasuaji alikuja na kauntabuku jipya, kwa sababu nilimwambia bila daftari sipokei mtu. Ukurasa wa kwanza tuliugawa mara tatu kwa kalamu.

Juu aliandika anachokitaka: kucheza tena upande wa kulia msimu ujao. Hilo ni lengo la mwisho, na kazi yake ni kumwamsha asubuhi. Halimo mikononi mwake. Kocha anaweza kusajili winga mwingine, timu inaweza kushuka daraja. Aliandika, tukaliacha pale juu, hatukulirudia kila siku. Kuna wachezaji wanaolitazama hilo peke yake kwa miezi, na kila jioni wanajiona wameshindwa, kwa sababu kila jioni bado hawachezi.

Katikati tuliandika kipimo cha sasa. Kwa wiki zile za mwanzo kilikuwa kimoja tu: goti linyooke kabisa. Watu wengi huhangaikia kulikunja, kwa kuwa ndiko kunakoonekana, kumbe goti lisilonyooka ndilo litakalomfanya achechemee mwaka mzima na kuumaliza msuli wa paja. Kulipima hakuhitaji mashine. Alilala kifudifudi, magoti yakiwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia nje. Nikachuchumaa nyuma yake nikavitazama visigino. Cha kushoto kilikuwa chini, cha kulia kimebaki juu kama kimeshikwa na uzi. Rula ikaonyesha tofauti ya sentimita 6. Kila sentimita ni takriban digrii moja ya goti. Akaandika: "Leo sm 6. Nataka sm 2 baada ya wiki mbili."

Chini ndipo penye kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipombana. Aliandika "kunyoosha goti mara nyingi". Nikafuta. Mara nyingi ni ngapi? Saa ngapi? Umekaa wapi? Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akiifunga nia yake kwenye tukio fulani, "likitokea hili nitafanya lile", huitimiza zaidi kuliko anayeiacha nia ikielea. Winga akaandika upya: kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti likining'inia bila kitu chini yake, dakika 10, mara nne. Nikishapiga mswaki. Kabla ya chakula cha mchana. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza. Nikipanda kitandani. Kando ya kila moja, kisanduku cha kutia vema.

Siku ya nne alikuja na vema kumi na mbili kati ya kumi na sita. Zilizokosekana zote zilikuwa za mchana. Ilibainika mchana hushinda dukani kwa kaka yake, ambako hakuna mahali pa kunyoosha mguu. Bila daftari ningesema kijana mvivu, na yeye angesema zoezi halifanyi kazi. Tulihamisha zoezi la mchana likawa la saa kumi na moja jioni, akirudi nyumbani. Baada ya wiki mbili rula ilisoma sentimita 1 na nusu.

Angalia jinsi ngazi hizo tatu zinavyofanya kazi tofauti. Ya juu inampa sababu, ya kati inamwambia kama anasogea, ya chini ndiyo pekee anayoweza kuifaulu leo hii hata kama goti limeamka vibaya. Majeruhi ambaye kila kitu kimemponyoka anahitaji angalau kitu kimoja kwa siku ambacho kufaulu kwake hakutegemei mtu mwingine. Alama nne za vema si kitu kikubwa. Kwa mtu aliyezoea kushangiliwa kila Jumamosi, na sasa Jumamosi anaosha vyombo, ni kitu.

Asilimia 90 ya nini?

Mwezi wa sita hadi wa nane ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo lengo zuri linapoweza kugeuka mtego.

Kipimo kinachopendwa ni kuruka kwa mguu mmoja. Unachora mstari kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbali uwezavyo na kutua kwa mguu uleule bila kuyumba. Unapima kwa tepu ya fundi cherehani. Wiki ya 26 winga aliruka sentimita 162 kwa mguu mzima na 131 kwa ulioumia: asilimia 81. Akanuna. Wiki ya 34 akaruka 165 na 150, asilimia 91, akataka kunikumbatia.

Nikafungua kauntabuku nyuma kabisa, mahali tulipoandika kipimo cha mguu wake mzima kabla ya upasuaji. Kilikuwa sentimita 178.

Mguu "mzima" ulikuwa umedhoofika nao. Miezi nane bila mechi, bila mbio kali, nao ulishuka, na ule ulioumia ukaonekana umeufikia. Ukigawa 150 kwa 178 unapata asilimia 84. Watafiti wengine wameshalisema jambo hili, kwamba kulinganisha mguu na mguu kunaficha udhaifu wa miguu yote miwili, na waliofaulu kwa ulinganisho huo wakashindwa wakilinganishwa na uwezo wao wa zamani. Kwa hiyo yeyote anayesubiri upasuaji, na wengi kwetu husubiri kwa miezi wakitafuta pesa au nafasi, aupime mguu wake mzima sasa na aandike. Hakuna atakayemrudishia namba hiyo baadaye.

Kuna na ujanja wa mwili. Mtu anayelenga umbali ataupata umbali kwa njia yoyote. Watafiti wa hospitali ya Aspetar kule Doha wamechunguza miruko hii kwa kamera na vipima nguvu, wakakuta mchezaji anaweza kufikisha umbali sawa kwa miguu yote miwili huku goti lililoumia likifanya kazi pungufu, nyonga na kifundo vikilibebea. Ndiyo maana siku hizi kwenye daftari naandika na namna ya kutua: goti limekunjika? Ametua kimyakimya au ametua kama gunia? Mruko wa kwenda juu kwa mguu mmoja nao ni mkali zaidi katika kulifichua goti vivu. Lengo likiwa namba moja tu, mwili utaipata namba hiyo na kukuibia mengine.

Dari na sakafu

Watu hudhani tatizo la majeruhi ni uvivu. Kwa wachezaji wa kweli, tatizo la kawaida zaidi ni kinyume chake. Unamwandikia mizunguko mitatu, anafanya sita. Ametoka katika utamaduni unaosifia kucheza na maumivu. Huwezi kutegemea auvue kama jezi.

Nenda Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kule juu kama mita 2,400 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, uone. Alfajiri kundi linaondoka, na nafasi yako kundini haina kiti cha akiba. Mkimbiaji mwenye kano ya kisigino inayouma anajua kwamba akikaa nje wiki sita, wenzake watakuwa wamekwenda. Kwa huyo, lengo lenye sakafu peke yake, "fanya angalau", ni hatari. Anahitaji na dari: fanya, na usipite hapa.

Watafiti wa Uswidi walitoa dari nzuri kwa kano ya kisigino, na utafiti wao wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa walioendelea na mazoezi ya kukimbia na kuruka chini ya kanuni hiyo hawakupona vibaya kuliko waliopumzishwa. Maumivu yanapewa alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi yanaweza kufika 5. Ila asubuhi inayofuata yawe yameshuka, na wiki hadi wiki ukakamavu wa asubuhi usipande. Kwa maneno mengine, hakimu ni kesho asubuhi. Mkimbiaji anaandika namba mbili, ya leo jioni na ya kesho akitoka kitandani, na namba ya asubuhi ndiyo inayoamua kama mzigo unapanda, unabaki au unashuka. Baadaye anaongeza kipimo cha nguvu: kunyanyuka kwa ncha ya mguu mmoja, mara 25 ikiwa ndiyo alama inayotumiwa sana.

Kanuni hii ina faida nyingine ya kiakili. Mkimbiaji aliyekuwa akiyaona maumivu yote kama msiba anajifunza kuyasoma. Tatu inayoondoka haimtishi tena. Na yule aliyekuwa akiyapuuza yote anapata kitu cha kumsimamisha kisicho sauti ya kocha, maana kocha humdanganya, ila daftari analiandika mwenyewe.

Sakafu ni kwa ajili ya siku mbovu, na zitakuwepo. Goti litajaa bila sababu, kutakuwa na msiba, kutakosekana nauli ya kliniki. Kwa siku hizo huwa tunaandika mapema kazi ndogo kuliko zote, dakika tano tu za kitandani. Anayekosa siku nzima hukosa na ya pili. Anayefanya dakika tano hajakatika.

Lengo ni la nani?

Hapa sina suluhisho safi. Mkataba unaisha mwezi wa sita, kiongozi anataka mtu wake kwa mechi ya watani, familia inategemea posho. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho tarehe ya kurudi ya mchezaji ilipangwa na watu watano, yeye mwenyewe akiwa nje ya mlango. Alirudi tarehe hiyo. Nyama za paja zilichanika tena ndani ya dakika 20.

Siwezi kuifuta presha hiyo. Ninachofanya ni kuhakikisha milango imeandikwa mwanzoni, wiki ya kwanza, kabla mechi yoyote haijakaribia, na kocha ameiona na kuikubali wakati hana sababu ya kubishana. Mwezi wa nane akija na "lini?", tunafungua ukurasa. Ni rahisi kumbishia mtu, ni vigumu kidogo kuibishia rula.

Na mchezaji lazima ayaseme malengo kwa mdomo wake. Mwenye umri wa shikamoo akimwambia kijana "lengo lako ni hili", kijana atajibu "sawa" hata kama hajakubali, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nauliza, nanyamaza, nasubiri. Mara nyingi kinachotoka baada ya ukimya si cha goti kabisa. Winga, baada ya wiki tatu, alisema anaogopa kusahaulika. Tukaandika: Jumanne na Alhamisi nitaenda mazoezini, nitakaa benchi, nitahesabu mara ngapi beki wa kushoto wa wapinzani wetu ameachwa nyuma. Kocha akaanza kumuuliza hesabu zake. Lile lilikuwa lengo bora kuliko yote tuliyoandika mwaka ule, na halikugusa msuli hata mmoja.

Hofu ya goti nayo inapimika. Kuna dodoso la maswali 12 la waliopasuliwa ACL, linalouliza mambo kama kujiamini na woga wa kuumia tena, na wanaopata alama za chini hurudi mchezoni kwa shida hata kama misuli imekamilika. Woga hauondolewi kwa kuambiwa usiogope. Unavunjwa vipande: kwanza kukata kona polepole bila mpira, kisha na mpira, kisha na beki anayetembea, kisha na beki aliyeambiwa asigonge, mwishowe na beki asiyeambiwa kitu.

Kurudi mara tatu

Mwaka 2015 wataalamu wa fiziotherapia ya michezo walikutana Bern, Uswisi, na katika makubaliano yaliyochapishwa mwaka uliofuata wakaligawa neno "kurudi" mara tatu: kurudi kushiriki mazoezini, kurudi kwenye mchezo, na kurudi kwenye kiwango. Mgawo huu ungewaokoa mashabiki wengi na matusi yao.

David Rudisha, mkimbiaji Mkenya wa mita 800, aliumia goti mwaka 2013 akiwa New York, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2014 alirudi kwenye mbio, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow alimaliza wa pili nyuma ya Nijel Amos wa Botswana. Wapo waliosema amekwisha. Agosti 2015 alichukua dhahabu ya dunia Beijing, na 2016 dhahabu ya Olimpiki Rio kwa muda wa 1:42.15. Sasa, alirudi lini? Kushiriki, 2014. Ubingwa wa dunia, 2015. Ule muda wake wa London 2012, 1:40.91, hakuufikia tena, na bado akaongeza dhahabu ya pili ya Olimpiki. Matokeo na kiwango ni malengo mawili. Yanaweza kuachana njiani, na mtu akafika.

Wengine hawafiki kabisa, na hilo lisemwe. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 wa tafiti za ACL ulikuta waliorudi kwenye mchezo wa namna fulani ni asilimia 81, waliorudi kiwango chao cha zamani ni 65, na waliorudi kwenye mashindano ni 55. Kwa hiyo ule mstari wa juu wa daftari uandikwe kwa kalamu ya risasi. Nimewahi kukaa na beki aliyeufuta mwezi wa kumi na kuandika "kozi ya ukocha". Hakulia siku hiyo. Alikuwa amelia mwezi wa saba, alipokuwa bado anashikilia tarehe.

Winga alicheza wiki ya 44. Dakika 15 za mwisho, timu ikiwa mbele kwa mabao mawili, kama tulivyokubaliana na kocha. Kwenye daftari aliandika mambo matatu ya siku hiyo: kumpita beki kwa nje mara mbili, kwenda kwenye mpira mmoja wa kugombania bila kuuvuta mguu, na kunywa maji. Winga alimpita beki mara moja tu. Mpira wa kugombania aliuendea, wakaanguka wote wawili, na benchi letu zima lilisimama. Aliinuka wa kwanza.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu. Nikamuuliza goti limejaa? Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyesahau kuangalia, halafu akasema hapana, ila zile njumu mpya zinambana vidole.